Njia ya Nyika: Kutoka Kilimanjaro hadi Ndia Kuu ya Mvita

Wasikilizaji, mtu aliyeko Taveta alfajiri, kabla mawingu hayajakusanyika, akiinua macho huuona Mlima Kilimanjaro umesimama kwa urefu wake wote wa mita 5,895, na kilele chake kikiwa cheupe. Akigeuka na kuupa mlima mgongo, huiona nchi tambarare iliyokauka, yenye miti ya miiba na udongo mwekundu, ikienda mpaka macho yasipoweza kufika. Ng'ambo ya nchi hiyo, kwa mwendo wa kilomita 270 hivi, kipo kisiwa cha Mombasa.

Lori lililopakiwa ndizi na nyanya za Taveta laweza kuondoka usiku na kufika mjini kabla ya soko kuchangamka. Lakini safari hiyo hiyo, ambayo leo ni ya saa tano au sita, kwa babu wa wasafiri wa leo ilikuwa ni kazi ya majuma mawili, nayo iligharimu maisha ya watu wengi. Mazungumzo haya yataifuata njia hiyo kutoka mlimani hadi bandarini, na kueleza jinsi jambo moja lilivyoitawala tangu zamani. Jambo hilo ni maji.

Kwanza yafaa kufahamu kwa nini nyika ni kavu, ilhali iko kati ya bahari na milima. Pepo zitokazo baharini hubeba unyevu mwingi. Zikipita juu ya nchi ya chini hazipati kitu cha kuzipandisha, basi huenda na unyevu wao. Zikikuta milima, kama vile vilima vya Taita, ambavyo kilele chake cha Vuria kina zaidi ya mita 2,200, hupanda juu, hupoa, na unyevu huo hugeuka kuwa ukungu na mvua. Ndiyo maana Mtaita wa huko juu hulima kabichi na mboga nyingine penye baridi, na jirani yake wa chini, asiyekaa mbali naye hata mwendo wa siku moja, hutafuta maji ya mbuzi wake. Hata hivyo nyika si jangwa la mchanga. Mvua ya vuli au ya masika ikinyesha vizuri, nchi ile ile iliyoonekana kufa huota majani na maua kwa siku chache, na mibuyu hujivika tena.

Watu wa pwani waliijua nchi hiyo tangu kale, nao waliihofu. Neno lenyewe nyika kwao lilikuwa na maana ya pori lisilo na raha, na wenyeji wa nyuma ya pwani wakaitwa Wanyika, jina ambalo wenyewe hawakulipenda. Leo wajulikana kwa jina lao la Mijikenda, yaani miji tisa: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Wachonyi, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana na Wakauma. Hao ndio waliokaa penye mlango wa nyika, na msafara wowote uliotoka Mvita ulipita kwao.

Misafara hiyo ilibeba nguo za amerikani na kaniki, ushanga na masango, ikarudi na pembe za ndovu. Hapakuwa na mnyama wa kubeba mizigo, kwa sababu mbung'o waliwaua ng'ombe na punda. Kila kitu kilikwenda juu ya kichwa cha mpagazi, ratli 60 au 70 kwa mtu mmoja, mbali na chakula chake na kibuyu chake cha maji. Mbele alitangulia kirangozi. Heshima ya kirangozi haikutokana na nguvu za mwili, bali ilitokana na kujua maji yako wapi, katika mwezi gani, na ni mwendo wa saa ngapi kufika mahali pa pili. Akikosea hesabu yake, watu walikufa.

Mahali palipotajwa sana katika hesabu hiyo ni Taru. Hapo mwamba mgumu umetokeza juu ya ardhi, nao una mashimo ambayo mvua huyajaza. Mashimo hayo watu waliyaita ngurunga. Msafara uliotoka Rabai uliomba Mungu uyakute ngurunga yana maji, kwa maana ukiyakosa hapo, mbele palikuwa na mwendo mrefu wa kiu mpaka Maungu, na pengine mpaka Voi. Wengi walitembea usiku ili kulikwepa jua. Mtu aliyefika Taveta hakushangaa kwamba misafara ilipenda kukaa huko siku nyingi. Palikuwa na mto, msitu wenye kivuli, ndizi tele, na wenyeji wapenda biashara.

Katika njia hii ndimo alimopita mmishenari Johannes Rebmann, mwaka 1848. Yeye na mwenziwe, Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, walikuwa wamefungua misheni yao Rabai mwaka 1846. Tarehe 27 Aprili 1848 Rebmann aliondoka Rabai, akiongozwa na mtu wa Mombasa aliyeitwa Bwana Kheri, mzoefu wa safari za bara. Tarehe 11 Mei aliuona mlima wenye weupe kileleni. Alipouliza ni kitu gani, kiongozi wake alimjibu kwamba ni baridi. Rebmann akatambua kuwa ni theluji, akaandika habari zake Ulaya. Mabwana wengine wa elimu huko London, ambao hawakupata kukanyaga nyika hata siku moja, walikataa kusadiki kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta, na mmoja wao, William Desborough Cooley, alishika ukaidi huo kwa miaka mingi. Wakati wote huo wapagazi na wafanya biashara wa pwani walikuwa wakipita chini ya mlima ule, na Wachaga wakiishi ubavuni mwake. Habari ilikuwako tayari. Kilichokosekana ni watu wa kuisikiliza.

Mwaka 1888 Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, chini ya Sir William Mackinnon, ilipata hati ya kutawala na kufanya biashara, na miaka michache baadaye ikaanza kutengeneza barabara ya mikokoteni ya ng'ombe kutoka pwani kwenda bara. Jina la bwana huyo limebaki mpaka leo katika mji mdogo wa Mackinnon Road. Barabara ile haikufaa sana, maana ng'ombe waliuawa na mbung'o na maji yalikuwa machache. Ndipo ikaja reli. Kazi ilianza Mombasa mwaka 1896, na kabla reli haijapata kuchukua bidhaa, ililazimika kuchukua maji. Wajenzi waliokuwa katika nchi ya Taru walinywa maji yaliyoletwa nyuma yao kwa gari la moshi. Mwaka 1898, kwenye mto Tsavo, simba wawili waliwashambulia na kuwala wafanya kazi mpaka kazi ya daraja ikasimama. Wote wawili waliuawa mwezi wa Desemba mwaka huo. Reli ikafika Nairobi mwaka 1899 na ziwa la Nyanza mwaka 1901.

Wengi wa wajenzi hao walitoka Bara Hindi, na wengi hawakurudi kwao. Hapo Mackinnon Road, kando ya barabara, upo msikiti wenye kaburi la Seyyid Baghali. Watu husimulia kwamba alikuwa mmoja wa wafanya kazi wa reli, na kwamba karai alilobeba halikugusa kichwa chake, bali lilielea juu yake. Mpaka leo madereva wa dini mbalimbali husimama hapo, huomba dua, kisha huendelea na safari.

Kutoka Voi kurudi upande wa Taveta, njia ina kumbukumbu nyingine yenye uchungu. Mwezi wa Agosti 1914, vita vilipoanza, majeshi ya Wajerumani yalivuka mpaka na kuiteka Taveta. Waingereza wakajenga reli ya vita kutoka Voi kuelekea Maktau, ili wapeleke askari na vyakula. Tarehe 12 Februari 1916 walishambulia kilima cha Salaita wakarudishwa nyuma. Mwezi wa Machi mwaka huo Taveta ikarudi mikononi mwao. Makaburi ya vita yako Voi, Maktau na Taveta, na majina yaliyochongwa humo husomeka hadi sasa. Lakini wabeba mizigo wa jeshi, ambao kwa jina la Kiingereza lililogeuzwa waliitwa Kariakoo, walikufa kwa makumi ya maelfu katika vita vile, zaidi kwa maradhi na uchovu kuliko kwa risasi, na walio wengi wao hawana kaburi lenye jina.

Baada ya reli zikaja motokaa. Hata katika miaka ya 1950 sehemu kubwa ya barabara ya Mombasa ilikuwa ya udongo na changarawe. Wakati wa kiangazi msafiri alifika amepakwa vumbi jekundu hata nyusi, na wakati wa masika gari liliweza kunasa matopeni siku mbili. Dereva mwenye akili alifunga kiriba cha maji mbele ya gari lake, na debe jingine ndani, moja la injini na moja la watu. Hesabu ya kirangozi ilikuwa ingali ikifuatwa, ila mpagazi amekuwa injini.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1950 ilifanyika kazi iliyobadili hesabu hiyo kabisa. Ndani ya mbuga ya Tsavo, iliyotengwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1948, kuna chemchemi ziitwazo Mzima. Maji yake hutoka katika vilima vya Chyulu. Vilima hivyo ni vya majivu na mawe ya volkano yenye matundu kama sifongo, hata havina mito juu yake. Mvua na ukungu huingia ardhini, maji hupita chini ya mawe kwa kilomita nyingi, kisha hububujika Mzima yakiwa safi, kiasi kinachokadiriwa kuwa galoni milioni 50 kila siku, na viboko na samaki hukaa humo. Mwaka 1957 bomba lilikamilika la kuyachukua maji ya Mzima mpaka Mombasa, umbali wa kilomita zaidi ya 200. Kwa kuwa chemchemi iko juu kuliko kisiwa, maji huteremka yenyewe, hupita Voi na kuikata nyika, mpaka kwenye mifereji ya watu wa mjini. Hivyo ile nchi iliyowaua wapagazi kwa kiu sasa inapitiwa usiku na mchana na mto uliofungwa ndani ya chuma.

Mwenye lori la ndizi hauoni mto huo. Aonacho ni barabara ya lami, ambayo siku hizi imefika mpaka Taveta, na baada ya Voi ni msururu wa malori makubwa yanayopanda na kushuka kati ya bandari na bara. Hatari ya njia imebadilika sura. Zamani msafiri alikufa kwa kukosa maji. Sasa hufa kwa kukosa usingizi. Barabara kati ya Voi na Mariakani imenyooka, na unyofu huo humbembeleza dereva mpaka macho yakafumba. Walioishika kazi hii muda mrefu wana desturi ya kusimama Maungu au Mackinnon Road, kunywa chai na kunyoosha miguu, na mwenye hekima hulala hapo hata kama tajiri wake amepiga simu mara tatu. Ndizi zilizochelewa huuzwa kwa bei ya chini, lakini dereva na utingo waliokufa hawarudishwi na bei yoyote.

Tena yampasa dereva kukumbuka kwamba nyika ina wenyewe. Ndovu wa Tsavo huvuka kutafuta maji na malisho, hasa usiku. Reli mpya iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017 ilijengwa juu ya tuta refu lenye vivuko vya chini kwa ajili ya wanyama, lakini juu ya lami hakuna kivuko ila macho ya dereva. Ukame huwapata wanyama kama uwapatavyo watu. Katika miaka ya 1970 na 1971 maelfu ya ndovu walikufa Tsavo kwa njaa, na kati ya Februari na Oktoba 2022 serikali ilihesabu ndovu zaidi ya 200 waliokufa nchini Kenya kwa sababu ya ukame.

Baada ya Samburu na Mariakani hewa huanza kubadilika. Minazi huonekana, jasho halikauki tena upesi, na upande mmoja kuna vilima vya Rabai penye kaya, zile misitu mitakatifu ya Wamijikenda ambayo baadhi yake iliandikwa mwaka 2008 katika urithi wa dunia. Barabara huteremka Mazeras na Miritini, hupita Changamwe, kisha huvuka Makupa kuingia kisiwani. Kwa miaka mingi hapo palikuwa na tuta lililoziba mkondo wa bahari. Mwaka 2022 daraja jipya lilifunguliwa, na maji ya bahari yakapata njia yake tena.

Ndizi za Taveta hushushwa Kongowea au Marikiti. Soko hili la pili lilijengwa mwaka 1914 likaitwa Mackinnon, lakini wenyeji walilichukua neno la Kiingereza la soko, wakaliviringa kwa ulimi wao mpaka likawa Marikiti, na jina hilo ndilo lililoshinda. Mgongoni mwa Marikiti ndipo uanzapo Mji wa Kale. Vichochoro hapo ni vyembamba, milango ina nakshi, na vibaraza vina wazee. Njia yake kubwa yaitwa Ndia Kuu, kwa kuwa katika Kimvita njia ni ndia. Inakwenda mpaka karibu na Ngome, na kando yake iko Bandari ya Kale, ambamo majahazi ya kaskazi yalileta tende na mazulia kutoka Arabuni na Ghuba, yakarudi na boriti. Pembe zilizotoka chini ya Kilimanjaro zilipakiwa hapo. Kwa hiyo yaweza kusemwa kwa haki kwamba Ndia Kuu ni mwisho wa njia ya nyika, au mwanzo wake, kwa kadiri mtu alivyoelekeza uso wake.

Hapo Mji wa Kale ndipo jambo la maji linaporudi kwa nguvu. Kisiwa hakina mto. Wazee walichimba visima, ambavyo vingi vina chumvi, na walijenga mabirika ya kukinga mvua. Hata Ngome, waliyoijenga Wareno kati ya 1593 na 1596, ina kisima na birika lake, maana mjenzi alijua kwamba ukuta mnene haumfai mtu mwenye kiu. Waomani walipoizingira kuanzia Machi 1696 mpaka Desemba 1698, waliokuwa ndani walimalizwa na maradhi na upungufu kuliko mizinga.

Siku hizi hamali wasukumao mikokoteni yenye mitungi ya maji wangali wakipita Kibokoni na Kuze, wakiuza maji mlango kwa mlango siku ambazo mifereji imekauka. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Mombasa ina watu 1,208,333. Bomba la mwaka 1957 halikutengenezwa kwa watu wengi kiasi hicho, na ingawa maji mengine hutoka Baricho kwenye mto Sabaki na Marere katika vilima vya Shimba, hayajatosha.

Upande wa pili wa bomba wako watu wengine. Viongozi na wananchi wa Taita Taveta wamedai mara nyingi kwamba maji yatokayo kwao yapita karibu na nyumba zao kwenda mjini, huku vijiji vyao vikichota kwenye mabwawa ya matope, na kwamba wanastahili kupata sehemu ya faida yake. Dai hilo lafaa kusikilizwa na watu wa mjini kwa moyo wa ujirani. Aliyekaa Ndia Kuu akinywa maji ya Mzima ni mgeni wa mtu wa nyika kila siku, ingawa hawajapata kuonana.

Wengine hudhani kwamba maji hayo yatokana na theluji ya Kilimanjaro, na kwamba theluji ikiisha basi ndio mwisho. Kweli theluji inapungua: kati ya 1912 na 2011 sehemu zaidi ya 80 katika kila 100 zilitoweka. Lakini Mzima hulishwa na mvua ya Chyulu, na mito ya Kilimanjaro yenyewe hupata maji yake mengi kutoka katika mvua na ukungu unaonaswa na msitu. Habari hiyo yafaa kumpa mtu kazi wala si faraja tupu. Theluji haiwezi kulindwa na jembe wala panga la mtu mmoja, lakini msitu waweza. Moto uliowashwa Chyulu kwa kutafuta malisho, na mti uliokatwa huko kwa ajili ya makaa, ni hasara ambayo miaka ikipita itafika hata Mji wa Kale.

Basi, kirangozi wa zamani aliwafikisha watu salama kwa kufanya mambo matatu: alijua maji yalipo, aliyagawa kwa kipimo, na hakumwacha mtu nyuma. Mlimani kazi hiyo ni kuulinda msitu. Nyikani ni kuhakikisha kwamba kijiji kilicho kando ya bomba kinapata mfereji wake. Kisiwani ni kuziba bomba linalovuja, kukinga maji ya paa wakati wa masika kama wazee walivyokinga katika mabirika yao, na kutomwaga ovyo kitu kilichosafiri kilomita zaidi ya 200 kuja kumnywesha mtu. Wahenga walisema akiba haiozi, na katika njia hii waliyajua hayo kwa miguu yao wenyewe.